Uzoefu wangu na boksi la DVD 6 za filamu za majambazi la Warner (toleo la 2005)

Boksi hili nimelichukua kwa ajili ya diski moja, The Public Enemy ya 1931, na kwa diski hiyo tu pesa imelipa. Filamu hiyo iliporudishwa kumbini mwaka 1941 ilikatwa vipande vitatu: fundi mwenye madaha ya kike akimpima suti Tom, jambazi mkuu anayeigizwa na James Cagney, Matt rafiki yake na Mamie wakigaragara kitandani, na Tom akitongozwa na mwanamke anayemficha nyumbani kwake. Hapa vyote vimerudishwa. Ukiuziwa nakala nyingine, mtafute yule fundi kwanza. Asipokuwepo, umepewa iliyopigwa mkasi. Usipime kwa urefu peke yake, maana nakala ya PAL (mfumo wa televisheni wa Ulaya) huenda kasi kidogo na dakika 84 hushuka hadi 80 hivi bila kukatwa kitu.

Ona sasa kilichoguswa: mapenzi, si risasi. Mauaji yalipita kwa sababu mwongozaji, William Wellman, aliyapiga yasionekane. Putty Nose, aliyewaingiza Tom na Matt kwenye uhalifu, anapiga piano na kuimba, Tom anasimama nyuma yake na kutoa bastola, halafu kamera inamwacha na kumwendea Matt mlangoni. Tunasikia mlio, wimbo unakatika, mwili unaangukia vinanda. Hata shambulio la usiku wa mvua tunalisikia tukiwa nje, barabarani. Kwangu mimi hii inatisha kuliko damu yoyote, na ndiyo sababu nasema diski hii isikilizwe kwa spika nzuri, si zile za televisheni. Risasi za rashasha zinazobomoa ukuta kwenye kona anayojificha Cagney zilikuwa za kweli, zilizopigwa na mlengaji stadi.

Uangalifu huo ulikuwa na sababu. Mwaka 1915 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba filamu ni biashara tu, hazilindwi na uhuru wa maoni, kwa hiyo bodi za ukaguzi wa filamu za majimbo kama New York, Ohio na Pennsylvania zilikuwa na haki ya kukata zitakavyo. Kanuni za Hays, masharti ya Hollywood yenyewe kuhusu kinachoweza kuonyeshwa, zilipitishwa 1930, lakini zilipata meno 1934 usimamizi wake alipokabidhiwa Joseph Breen: bila mhuri wa ofisi yake, filamu haikuingia kumbi za kampuni kubwa. Boksi lina Little Caesar na The Public Enemy za kabla ya mhuri, na nne za baadaye, kwa hiyo zitazame kwa mpangilio wa miaka. The Petrified Forest (1936) naipita haraka, ni maongezi mengi. Angels with Dirty Faces (1938) ndiyo ya kusimama nayo: jambazi bado ni Cagney, bado anavutia, ila sasa lazima awepo padri pembeni yake, na kiti cha umeme tunakijua kwa vivuli ukutani na kelele. The Roaring Twenties ni ya 1939. Katika White Heat ya 1949 mtu anapigwa risasi akiwa ndani ya buti la gari. Matundu tunayaona kwenye bati, si mwilini.

Kasoro kubwa ni Scarface ya 1932, ambayo haimo kwa kuwa iko mikononi mwa Universal. Inunue peke yake, na chagua nakala yenye mwisho wa pili kwenye nyongeza. Mwisho halisi, Tony, jambazi wa filamu hiyo, anauawa barabarani. Ule uliotengenezwa kuwaridhisha wakaguzi unampeleka mahakamani na kunyongwa, na uso wake hauonekani kwa sababu Paul Muni, mwigizaji wa Tony, hakuwepo kuigiza. Huo ni udhibiti ulioongeza picha badala ya kukata, na unaona mshono.

Kuhusu deki: DVD hufungwa kwa kanda, yaani maeneo ya dunia. Boksi hili ni la kanda ya 1 (Marekani), deki zetu Tanzania na Kenya ni za kanda ya 5, hivyo nyingi zitalikataa. Tumia deki iliyofunguliwa kanda zote, au kompyuta yenye VLC, programu ya kuchezea video. Usibadili kanda ya kiendeshi cha DVD cha kompyuta ovyo, kwani huruhusu mara 5 tu kisha hujifunga. Televisheni iweke 4:3, umbo la karibu mraba la filamu hizi. Ukiacha ijaze kioo, nyuso zinatanuka na kichwa au miguu hukatwa ukivuta picha. Washa maandishi ya Kiingereza pia, Cagney anaongea kama cherehani.