Kalipa ya dijitali kwa kupima krosi ya propela, uzoefu wangu

Wakuu, hii kalipa ya dijitali (chombo cha kupimia vipenyo na urefu) ya milimita 150 nimekaa nayo muda wa kutosha sasa naweza kuisemea. Niliichukua kwa kazi moja tu, kujua saizi ya krosi ya propela (wengine wanaita yunivesali joint), yaani kile kiungo cha msalaba kwenye shafti inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, na kwa kazi hiyo imenifaa sana.

Gari lilikuwa ukiingiza gia linagonga chini, ka!, alafu ukichanganya spidi sakafu inatetemeka. Fundi akashika propela akaitikisa kushoto kulia, krosi ya nyuma inacheza waziwazi. Duka wakauliza aina ya gari na mwaka basi, wakatoa krosi. Vikombe (vile vya beringi kwenye ncha nne za krosi) vinaingia kwenye tundu la yoki (uma wa propela unaoshika krosi) bila shida, ila krosi yenyewe ndefu, vinabaki vimetokeza nje kama nusu sentimita kila upande na klipu ya kuzuia kikombe kisichomoke haina pa kukaa. Wao wakashikilia kwamba hiyo ndo ya gari hilo na yoki ndo imepinda, mi sikukubali, nikatafuta kalipa.

Ile ya zamani ikasoma kikombe milimita 27 na urefu kutoka mgongo (upande wa nje) wa kikombe kimoja hadi cha pili kinachotazamana nacho 81.8. Mpya, kikombe 27 ileile, urefu 92. Kwa namba za saizi za Spicer (kampuni ya krosi) hiyo ya kwanza ni 1310 na ya pili ni 1330, na ndo maana kipenyo peke yake hakikusaidii kitu. Na ukiamua kupima urefu tu napo unakwama, kwa sababu 1350 ina urefu uleule wa 1330 ila kikombe chake kinene, 30.2. Lazima vipimo viwili viende pamoja, na jina la gari halitoshi, propela inaweza kuwa ilishabadilishwa huko nyuma na mtu usiyemjua.

Cha pili angalia klipu zinakaa wapi. Zikiwa za nje, yaani zinaingia kwenye mfereji wa tundu la yoki juu ya kikombe, unapima urefu mgongo kwa mgongo kama nilivyofanya mimi. Zikiwa za ndani, zile zinazobana kwenye mfereji wa kikombe chenyewe upande wa ndani wa yoki, kipimo cha urefu ni kati ya mifereji, sio mgongo kwa mgongo, na hapa midomo midogo ya juu ya kalipa ndo inafanya kazi. Kuna propela ambazo kiwandani hazikuwekewa klipu kabisa, walisindilia plastiki ya moto, krosi ya kubadilishia inakuja na klipu za ndani.

Pima vikombe vyote vinne, usipime kimoja ukadhani umemaliza, maana ziko krosi ambazo jozi moja ni saizi tofauti na nyingine. Kabla ya hapo futa kutu na grisi kavu, funga midomo ya kalipa ubonyeze sifuri, alafu hakikisha vikombe vimekaa hadi mwisho. Kasindano kamoja ka beringi kakidondoka kakalala chini ya kikombe, urefu unaongezeka na unaagiza kitu kingine kabisa. Mi huwa napima na tundu la yoki pia, kipenyo chake na umbali wa mfereji hadi mfereji, ikiwa krosi ya zamani imeshasagika au vikombe vimepotea hicho ndo kinakuokoa.

Chombo chenyewe kinasoma hadi 0.01 na kinabadili milimita kwenda inchi kwa kitufe kimoja, hii nimeipenda sana sababu makatalogi mengine yako kwa inchi tupu, ukikuta 1.062 bonyeza tu ulinganishe. Chuma chake kizuri, midomo haijalegea mpaka leo. Ninacholalamikia ni betri, inaisha hata ukiwa umezima, kwahiyo naitoa nikimaliza kazi. Na kwa krosi za malori makubwa ya mizigo chukueni ya milimita 200 au zaidi, hii midomo yake mifupi haivuki vikombe vinene vizuri.

Krosi ya 1310 ilipofika klipu zote nne ziliingia zenyewe, propela inakunjika laini na kule kugonga kumeisha. Nyota nne, ya tano wameikosa kwa betri.