Kozi ya kauli taarifa ya Kiingereza kwa tuliosoma Kifaransa: uzoefu wangu

Mimi nimesoma Moroni, kwa Kifaransa, na sasa niko mapokezi katika hoteli moja Mji Mkongwe. Kozi hii ya kwenye simu imetengenezwa kwa watu wa aina yangu. Nililipia sehemu ya kauli taarifa peke yake, maana kazi ya mapokezi ndiyo hiyo kutwa: mgeni kasema nini, kauliza nini, kaagiza nini, nawe umwandikie wa zamu ijayo kwenye daftari. Kwa Kiingereza.

Upande wa nyakati wameupitia haraka, na wamefanya vizuri. Aliyesoma Kifaransa ameshazoea kurudisha kitenzi nyuma: "Il a dit qu'il viendrait" na "He said he would come" zinakwenda sambamba. Kiswahili hakina shughuli hiyo, alisema atakuja, basi. Kwa hiyo wenzangu wa skuli za hapa Unguja ndio wanaohangaika na nyakati kuliko sisi. Wameeleza pia kwamba jambo likiwa bado ni kweli, unaweza kuuacha wakati kama ulivyo.

Pesa yangu ilirudi kwenye maswali. Kwa Kifaransa unasema "Il m'a demandé où était le marché", kitenzi kikitangulia soko. Ukihamisha hivyo hivyo unapata "He asked me where was the market", na hapo umeshaharibu. Kiingereza kinataka "where the market was". Zoezi lake ni zuri: unasikia mtu anauliza, unayapanga maneno kwa kidole, na ukikiweka kitenzi pasipo pake kinageuka chekundu hapo hapo. Nililirudia sana ndani ya daladala ya kwenda Bububu.

Somo jingine linalofaa ni la "demander": kwa Kifaransa ni kuomba au kuuliza tu, lakini "demand" ya Kiingereza ni kudai kwa ukali. Mwenzetu wa zamu ya usiku, Mkongomani, aliandika "Room 12 demanded two towels". Asubuhi mkuu wetu akaguta.

"Kaka, huyu mgeni kagomba?"

"Hata, dada. Kaomba taulo tu, tena kwa adabu."

Taulo zilikwishapelekwa, pamoja na sahani ya matunda ya kumpoza mtu ambaye hakuwa na hasira. Ingetosha kuandika "asked for".

Sasa kasoro. "Say" na "tell" wamezipa ukurasa mmoja mwembamba, na hapo ndipo tunapoteleza kila siku, kwa sababu Kifaransa kina "dire" moja kwa zote mbili. Nilitaka mazoezi ya "he told me" hadi nichoke. Yako machache mno. Mifano nayo ni ya treni na metro tangu mwanzo hadi mwisho, hakuna boti iliyochelewa wala mgeni aliyepoteza begi. Masomo hayapakuliki, kwa hiyo bando linakwenda. Na maelezo yote ni Kifaransa kitupu: mtembeza wageni aliyejifunza Kifaransa cha salamu na bei asijisumbue. Mngazija, Mkongomani au Mrundi aliyekaa darasani kwa Kifaransa, anunue, aanzie kwenye maswali.

Cheti kipo, unajichapishia mwenyewe. Hapa kazini hakuna aliyekiulizia.