NMC ya Uingereza na nesi anayeumwa: nyota tatu kati ya tano

Manesi wa Unguja na Pemba wanaojiandaa kwenda Uingereza huulizia mshahara na mitihani. Ni wachache wanaouliza itakuwaje ukiumwa nawe umo kwenye rejista ya NMC, baraza linalosimamia wauguzi na wakunga huko. Huduma hiyo ndiyo tunayoipima hapa.

Tuanze na sifa. Kwa NMC, kuumwa si kosa. Una kisukari, kifafa, sonona au VVU, dawa unameza na kliniki unahudhuria? Hapo hapana kesi. Wanachotazama ni kama maradhi yanamuweka mgonjwa hatarini: nesi wa zamu ya usiku ambaye sukari humshuka ghafla na kujipima hataki, au mlevi aliyeshika funguo za kabati la dawa. Kila baada ya miaka 3, unapohuisha usajili, unatoa tamko la afya na mwenendo. Hapo usidanganye. Maradhi uliyoyasema hubaki kuwa suala la afya. Uongo hugeuka shtaka la mwenendo, na shtaka hilo laweza kukufuta kwenye rejista moja kwa moja.

Maradhi yenyewe hayafuti hivyo. Jopo linalosikiliza kesi za NMC linaweza kukupa onyo la mwaka 1 hadi 5, masharti ya kazi hadi miaka 3, au kukusimamisha hadi mwaka 1. Kukufuta kwa sababu ya afya pekee haliwezi mpaka uwe umekaa miaka 2 mfululizo chini ya masharti au umesimamishwa. Kwetu sisi hiki ndicho kipengele bora cha mfumo mzima. Tena mambo ya afya husikilizwa faragha, na jina la maradhi halitangazwi.

Kabla ya jopo kuna mchujo, uchunguzi, kisha waamuzi wawili, mmoja wa taaluma na mmoja raia wa kawaida. Hatari ikionekana kubwa, hutolewa amri ya muda, ya kukuwekea masharti au kukusimamisha wakati kesi inaendelea, hadi miezi 18. Wengi huipokea kama hukumu, wakakata tamaa na kuacha kujibu barua. Si hukumu, na kunyamaza ndiko kunakoharibu, maana jopo hutafuta dalili kwamba unayajua maradhi yako na unayadhibiti.

Dalili hiyo hupatikana kwenye barua ya daktari. Barua ya mistari miwili yenye muhuri wa buluu, "anaendelea vizuri", haisaidii kitu. Inayosaidia hutaja tarehe maradhi yalipogunduliwa, dawa na dozi, mara ya mwisho kuanguka kifafa au kunywa pombe, vipimo vya karibuni, na kazi usizofaa kupewa kwa sasa, mfano zamu ya usiku peke yako. Masharti nayo yasome neno kwa neno. La kawaida ni kumjulisha afisa wa kesi ndani ya siku 7 ukipata au ukiacha kazi. Kuna watu maradhi wameyashinda, sharti hili likawaangusha.

Nyota mbili tumezikata kwa uzito wa mwendo. NMC imejiwekea lengo la kumaliza kesi 8 kati ya 10 ndani ya miezi 15, na kwa miaka kadhaa imelikosa. Mtu mwenye sonona kungojea barua muda wote huo ni maradhi juu ya maradhi. Uhakiki huru wa Julai 2024 nao ulikuta ubaguzi wa rangi na uonevu ndani ya taasisi yenyewe, jambo ambalo nesi mgeni hawezi kulipuuza.

Hukuridhika na uamuzi? Una siku 28 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Na kama una maradhi ya kudumu, chukua nakala ya faili lako hospitali ya Mnazi Mmoja au Abdalla Mzee kabla hujaondoka. Kulitafuta ukiwa Manchester ni shughuli.