Msaada wa bure au pesa ya uwekezaji, ipi inafikisha maji kwa watu wengi?

Mwaka 2022 watu bilioni 2.2 hawakuwa na maji salama ya uhakika, na vyoo salama ndo usiseme, bilioni 3.5, hizo ni hesabu za WHO na UNICEF. Sasa msaada ukichimba kisima hela imeishia hapo, pampu ikifa nani anamlipa fundi? Pesa ya uwekezaji, kama ya WaterEquity, kampuni inayosimamia pesa za wawekezaji kwenye maji na vyoo, inapitia taasisi za mikopo midogo, familia inakopa inavuta maji mpaka nyumbani au inajenga choo, inarudisha kidogokidogo, hela ileile inaenda kwa mwingine. Mi nauamini mtindo huu wa uwekezaji, ila jamani asiye na kipato kabisa msimkopeshe, mtamuumiza, huyo apewe msaada.