Miezi mitano kwenye klabu ya mashabiki wa mtangazaji wa teknolojia, hela yangu imeenda wapi

Kuna mtangazaji mmoja wa mambo ya teknolojia, mkongwe, alianza redioni enzi za simu za waya, saivi ana podikasti yake na klabu ya mashabiki. Unalipa ada kila mwezi unapata vipindi bila matangazo, grupu la kuchati, na mara moja kwa mwezi mnakaa naye laivu mnapiga stori. Jina lake naliacha, maana nina ya kumsifu na nina ya kumlaumu na haya ya lawama sitaki yageuke ugomvi. Nimekaa humo miezi 5. Nyota nampa 4 kati ya 5.

Vipindi bila matangazo ni kweli havina matangazo, basi, hapo hakuna la kuongeza. Unapewa linki yako ya RSS (ile orodha ya vipindi ambayo apu inaisoma) ambayo ni ya kwako peke yako, ina funguo ndani yake, unaibandika kwenye apu yoyote unayosikilizia na vipindi vinaanza kushuka. Usimgawie mtu, wanaona ikianza kuvuta mafaili kutoka sehemu kumi. Grupu la kuchati lina kelele, mi nimelimyuti tangu wiki ya kwanza, mara mtu kabandika picha ya waya wa chaja ulioungua mara wengine wanabishana simu gani ina kamera nzuri, hayo ntayakuta popote bure.

Kilichonishikilia ni ule mkutano wa laivu.

Mara ya kwanza alichelewa dakika 20 na ushee, tumekaa tunaangaliana kwenye viboksi kama watu wanaosubiri daktari. Afu akatokea, hakuna muziki wa kuanzia, hakuna nini, kashika kikombe, anasema "mnanisikia? hebu semeni, mnanisikia?" Yaani mtu ana miaka zaidi ya 30 kwenye maiki na bado anauliza swali lile lile tunalouliza sisi kila siku, nkacheka peke yangu. Kijana mmoja akaanza "shikamoo mzee", akajibiwa "marahaba, ila mzee umemwacha nyumbani kwenu, mi niite kaka". Toka hapo mambo yakalegea.

Dada mmoja akauliza anunue maiki gani aanze podikasti. Nkajua sasa tutasomewa orodha ya maiki na linki za kununulia, si unajua watu wa tek. Wala. Akamwambia achukue simu yake hiyo hiyo, arekodi sentensi moja mara tatu. Kwanza akiwa katikati ya sebule simu iko mezani, pili simu iko umbali wa ngumi moja toka mdomoni na imekaa pembeni kidogo isipigwe na pumzi, tatu hivo hivo lakini kichwa kikiwa ndani ya kabati la nguo. Dada wa watu akainuka akaenda kweli, tukasikia milango ya kabati inalia. Aliporudi akatuchezea zote tatu moja baada ya nyingine. Ya kwanza anaongea kutoka ndani ya pipa. Ya pili ni mtu. Ya tatu aisee, ile ya kabatini, ukiambiwa ni studio unakubali, sauti imekaa karibu na sikio na husikii chumba kabisa. Simu ni ile ile! Akasema chumba kitupu kinarudisha sauti na maiki haichagui, inakusikia wewe na inausikia ukuta, kwahiyo ukiwa na hela nunua kwanza pazia zito na blanketi, maiki itafuata. Na hizo P na B zinazolipuka ni upepo wa mdomo, ndo maana maiki hukai nayo uso kwa uso.

Nimekaa kwenye mambo haya miaka na hakuna aliyewahi kunionyesha hivo, wote wananiambia nunua.

Hapo hapo akaingia kwenye ukubwa wa faili, kitu ambacho sisi wenye podikasti ndogo hatukiangalii. Sauti ya mtu mmoja anaongea haihitaji stereo, yaani njia mbili za sauti kulia na kushoto, weka mono, njia moja tu, ya kilobiti 64 kwa sekunde, saa nzima inakuwa kama MB 29. Ukiacha stereo ya 128 umeshafika MB 58 na msikilizaji hajasikia tofauti yoyote ya maana. "Uzembe wako analipia mwenzio kwa bando lake," ndo alivyosema. Nkaenda kuangalia za kwangu, nilikuwa natoa 192. Stereo. Naongea peke yangu.

Mwezi wa pili stori ilikuwa mitandao ya kijamii na hapa ndo akaniweza. Mtu kauliza niweke podikasti yangu kwenye mtandao gani. Jamaa akasema swali limekaa kichwa chini, podikasti haikai kwenye apu, ni faili la sauti kwenye seva, yaani kompyuta inayotunza mafaili mtandaoni, na pembeni yake orodha ya maandishi inayoitwa RSS, apu zote zinakuja kusoma orodha hiyo hiyo moja. Akarudi nyuma mpaka mwishoni mwa 2000 wakati Dave Winer, mtengeneza programu wa Marekani, alipoongeza kwenye RSS kipengele cha kubeba faili la sauti, afu 2004 Adam Curry, aliyekuwa mtangazaji wa MTV, na wenzake wakaja na kiprogramu cha kuvuta hayo mafaili mpaka kwenye iPod, kile kifaa cha Apple cha kusikilizia muziki. Neno lenyewe "podcasting", lenye iPod ndani yake, alilitumia mwandishi Ben Hammersley kwenye gazeti la The Guardian Februari 2004, Juni 2005 Apple wakaingiza podikasti ndani ya iTunes, programu yao ya muziki, na mchezo ukabadilika. iPod wameacha kuitengeneza 2022, kifaa kimezikwa na jina bado linaitwa kila siku, hata na watu ambao hawajawahi kuishika.

Sasa kwanini anatuambia historia yote hii? Kwa sababu ya hili. Apu ya Stitcher ilifungwa 2023, Google Podcasts ikafungwa 2024, na yeye hakufanya kitu. Wasikilizaji walitoa orodha yao ya vipindi wakaihamishia kwenye apu nyingine wakaendelea na kipindi cha wiki iliyofuata. Halafu angalia Vine, ule mtandao wa video fupi, angalia Google+, mtandao wa kijamii wa Google uliofungwa Aprili 2019. Wafuasi wako wa kule hukuhama nao popote, walibaki mlangoni na mlango ukafungwa. Akasema mitandao ya kijamii ni soko, nenda kaite watu, piga kelele, ila jioni rudi kwako usilale sokoni.

Mi nililala sokoni. Nilikuwa na ukurasa wa vitabu kwenye mtandao mmoja mkubwa, wafuasi elfu nne na kitu, nimeulea miaka mitatu, siku moja asubuhi nafungua naambiwa akaunti imefungwa kwa kukiuka taratibu, taratibu gani hawasemi, nkakata rufaa nkajibiwa na mashine, nkakata tena mashine ile ile ikanijibu maneno yale yale. Elfu nne wote hao hamna hata mmoja aliyenitafuta kuuliza nimepotelea wapi. Nlikuwa na podikasti ndogo pembeni ya wasikilizaji hawafiki mia, wiki hiyo kwa hasira sikutoa kipindi, watu watatu wakaniandikia barua pepe kuuliza kama naumwa.

Nikaisimulia hii laivu, na sauti ilinitetemeka kidogo sitaficha. Yeye akanyamaza afu akasema ngoja nikwambie ya Leo Laporte. Kwa wasiomjua, huyo ni mtangazaji wa teknolojia wa Marekani, toka redioni na kwenye televisheni, 2005 akaanzisha mtandao wake wa podikasti unaitwa TWiT na bado upo. Kipindi kimoja alikuwa anaposti sana kwenye Google Buzz, mtandao wa Google ambao wengi wameshausahau. Agosti 2010 akagundua posti zake zilikuwa hazionekani kwa watu, wiki mbili na zaidi anaandika kumbe anaongea na ukuta. Kilichomuuma ni kwamba hakuna aliyegundua, hata yeye mwenyewe hakugundua mapema. Mtu ana maelfu kwa maelfu ya wafuasi! Akaandika kwenye blogu yake kwamba kuanzia hapo nguvu zake atazirudisha hapo kwake, na mwaka uliofuata Buzz yenyewe ikafungwa. Jamaa akamaliza kusimulia akaniambia "kwahiyo kaa na hao watatu wako". Sijui kwanini ila ilinikaa vizuri kuliko pole zote nilizopewa.

Kuna sehemu sikubaliani naye. Mastodon, ule mtandao wa kijamii unaokaa kwenye seva nyingi za watu tofauti. Huyu bwana ukimgusa Mastodon hamalizi. Kwamba kila seva ina mwenyewe lakini zinaongea lugha moja ya ActivityPub, kwamba algoridhimu haikuchagulii cha kuona, kwamba ukichoka na seva moja unahamia nyingine na wafuasi wako wanakufuata. Ni kweli, wafuasi wanahama, ila posti zako za zamani zinabaki ulikotoka na hilo alilisema haraka haraka kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai. Tangu Twitter inunuliwe Oktoba 2022 watu wanaambiwa wahamie huko, na wengi nnaowajua walifika, wakaulizwa mchague seva, wakageuza. Kumuuliza mtu chagua seva kabla hajasalimiwa hata na mtu mmoja ni kumfukuza. Yeye ana subira ya watu waliozoea kutafuta stesheni kwa kuzungusha kitufe, wengi hatuna.

Kwenye namba alikuwa mkweli mpaka nkamwonea huruma. Kaka mmoja kamuuliza una wasikilizaji wangapi, akafungua grafu yake mwenyewe kwenye skrini mbele yetu wote. Kuna mahali mstari umedondoka kama ngazi imekatika, Septemba 2023 kuendelea. Hakuna aliyemkimbia, iOS 17, mfumo wa simu za iPhone, ilibadilisha namna apu ya podikasti ya Apple inavyopakua vipindi yenyewe, mafaili yaliyokuwa yanashuka kwenye simu za watu wasiosikiliza yakaacha kushuka. Na kwa kanuni za kuhesabu zinazotumika, ikishuka dakika moja tu ya sauti tayari umehesabiwa, mtu awe ameibonyeza au ameisahau. Kwahiyo miaka yote alikuwa anahesabu na waliolala. Watangazaji wangapi watakuonyesha hiyo grafu?

Sasa ile nyota moja.

Kuchelewa nimeshasema, kati ya mikutano 5 kafika kwa wakati mara 1. Pili, maswali. Kuna watu kama sita wa zamani humo anawajua kwa majina, wakinyoosha mkono wanaitwa hapo hapo, sisi wapya unakaa na kimkono chako cha njano saa nzima mpaka unakishusha kwa aibu. Mwezi wa tatu sikuitwa kabisa. Tatu, rekodi ya mkutano wanakuahidi kesho yake inakuja baada ya siku nane na sauti za mashabiki ziko chini yake yeye yuko juu, kila saa unapandisha unashusha, tena kutoka kwa mtu aliyetufundisha mambo ya sauti! Nne, mwezi wa nne katikati ya stori akachomekea dakika mbili za kusifia VPN fulani. Kaka, si nimelipia nisisikie hayo?

Na la tano nililiuliza mwenyewe mwezi uliopita, safari hii niliitwa. Nkamwambia kaka unatuhubiria RSS, unatuhubiria seva huru, mbona klabu yako mwenyewe iko ndani ya grupu la apu ya kampuni, miaka yote ya mazungumzo yetu imo humo, na wenye apu wakiamua kesho kufunga tunabaki na nini? Kimya. Akaweka kikombe chini. Akacheka ile ya mtu aliyekamatwa na sukari mdomoni, akasema umenikamata, kisha akaeleza kwamba alijaribu kuwahamishia watu kwenye jukwaa la kwake mwenyewe mara mbili na wakaja wachache kuliko vidole, maana kila mtu apu hii anayo tayari kwenye simu. Yaani sababu ile ile ninayoitoa mimi juu ya Mastodon, akanirudishia mkononi. Alichoahidi ni kwamba barua pepe zetu anazo kwenye orodha yake pembeni, siku apu ikifungwa atatuandikia. Sawa, ni kitu.

Tulipokaribia kumaliza akawa anapitisha macho kwenye viboksi, afu akasema "yule dada wa kabatini simuoni, mara ya pili hii, nani ana habari zake?" Tulikuwa watu karibu hamsini. Mmoja akafungua maiki akasema kajifungua wiki iliyopita, mtoto wa kike, wote wazima. Jamaa akapiga makofi kwa furaha, mikono ipo pale pale umbali wa ngumi moja toka kwenye maiki yake ya bei mbaya, tukarusha hedifoni zetu wote.

Ada ya mwezi wa 6 nimelipa jana.