Walizisafisha punje zangu, kisha wakazigeuza povu

Miezi kadhaa iliyopita nilipeleka punje za akriliki, ile plastiki angavu kama kioo, kwenye maabara moja inayosafisha polima, yaani plastiki na jamii yake, kwa kabonidioksidi iliyopashwa kupita nyuzi 31 za Selsiasi na kushinikizwa kupita baa 74, hadi ikawa si gesi wala kimiminika. Shida yangu ilikuwa monoma iliyosalia ndani, yaani kemikali ambayo plastiki hiyo huundwa kwayo, ile yenye harufu kali inayokupanda puani pindi mfuko unapofunguliwa, na sikutaka itolewe kwa kiyeyushi ambacho nacho kingehitaji kutolewa baadaye.

Ziliporudi, sikuzitambua. Nilizipeleka zikiwa angavu, nikarudishiwa vitu vyeupe pe, vilivyovimba, ambavyo nilipovitia kwenye bilauri ya maji vilielea vyote, ilhali akriliki ni nzito kuliko maji. Niliikata moja kwa wembe. Ndani ilijaa vitundu vidogo vidogo.

Anayeijua kazi hii haulizi kilichotokea. Kabonidioksidi huipenya akriliki na kuilainisha, kiasi kwamba plastiki ambayo kwa kawaida hubaki ngumu hadi karibu nyuzi 100 hulegea katika joto la chini zaidi, na ulegevu huo ndio unaoipa monoma njia ya kutoka. Lakini shinikizo likishushwa ghafla, gesi iliyonaswa hutanuka humo humo na kuiumua plastiki. Kinachotakiwa ni subira kwenye vali, basi.

Nilimpigia simu mhusika, tena kwa adabu, kumwuliza shinikizo lilishushwa kwa mwendo gani. Alinijibu kwamba mteja aliomba usafi, hakuomba umbo, na kama nataka maelezo zaidi nilipie ushauri. Ananiambia hivyo mimi, niliyeandika kwenye fomu yao, kwa herufi kubwa, kwamba punje zibaki angavu!

Nilikuwa nimeazimia kuwanyima hata nyota moja. Hata hivyo, nilizipasha moto punje hizo na kuzinusa: harufu haipo kabisa. Nilipozikandamiza kwenye kalibu yenye moto nilipata bamba angavu, safi kuliko lolote nililowahi kulipata kwa oveni ya ombwe, yaani oveni iliyoondolewa hewa, ambayo hunichosha kwa kusubiri na bado huacha harufu. Kwa hiyo njia yenyewe naisifu bila kusita, na nusura niwape nyota nne, mpaka nilipolikumbuka lile jibu la kwenye simu. Ziwe mbili. Huenda nikawapelekea mzigo mwingine, mradi vali ishikwe na mtu mwingine.