Seti ya kujiundia kurunzi ya LED: mwanga safi, lakini joto limesahauliwa

Ndani ya boksi mna LED nyeupe ya wati 3 iliyokwisha kubandikwa kwenye kibao cha alumini chenye umbo la nyota, saketi ndogo ya kudhibiti mkondo wa umeme, kikombe cha kuakisi mwanga, swichi na bomba la alumini linaloingia betri moja ya lithiamu ya 18650 (namba ya ukubwa wake: kipenyo milimita 18, urefu 65), ambayo mnunuzi hujitafutia mwenyewe. Niliiunda kwa jioni mbili, na ya pili ilikuwa ya kurekebisha kosa la muuzaji.

Sehemu iliyonifurahisha ni saketi. Kurunzi nyingi za kujiundia hutegemea kizuizi kimoja tu cha umeme, kwa hiyo mwanga hufifia kadiri betri inavyoshuka kutoka volti 4.2. Hapa mkondo unashikiliwa usibadilike, jambo la lazima kwa LED, kwani volti ikiongezeka kidogo tu mkondo huruka mara dufu. Multimita, yaani kipimo cha umeme, ilinionyesha miliampea 690 betri ilipokuwa na volti 4.1, na 680 iliposhuka hadi 3.7.

Joto ndilo lililoniudhi. Sehemu kubwa ya umeme unaoingia kwenye LED hugeuka joto, nalo halitoki kwa mbele pamoja na mwanga bali kwa nyuma, kupitia kibao kile. Seti inataka kibao kikazwe kwa skrubu mbili juu ya kisahani kilichopakwa rangi, bila mafuta ya kupitishia joto. Baada ya dakika sita mwanga ulikuwa umepungua waziwazi, ilhali bomba lilikuwa baridi mkononi, na ubaridi huo, ambao wengi wangeufurahia, ndio ulionitia wasiwasi: joto lilikuwa limekwama ndani. Nilikwangua rangi kwa msasa hadi alumini ikang'aa, nikapaka mafuta niliyobakiwa nayo baada ya kutengeneza kompyuta, utando mwembamba tu, nikakaza upya. Sasa bomba hupata moto wa kadiri ndani ya dakika chache, na mwanga haubadiliki.

Atakayeinunua ajiandae pia kwa uchomeleaji. Alumini ya kibao hunyonya joto upesi, hivyo pasi yangu ya kuchomelea ya wati 25 haikufua dafu. Risasi iliganda kabla ya kushika waya, mpaka nikaazima ya wati 60. Vilevile saketi haikati umeme betri inapoisha, na karatasi ya maelekezo haisemi lolote kuhusu hilo, kwa hiyo chagua betri yenye kinga yake ndani, isije ikanyonywa chini ya volti 2.5 na kuharibika.

Swichi ni ya kawaida. Mwanga una kitovu kikali kinachofaa kumulika njia, ila kwa kusomea ni mwembamba mno. Nimebandika kipande cha plastiki ya maziwa mbele ya kioo, nacho hukaa kwa utepe hadi nitakapopata kikombe kipana zaidi.